Mgeni Apewe Jembe: Uongozi na Mgongano wa Tamaduni katika Shule za Kimataifa

Shule za kimataifa si jambo geni tena katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Zamani mtu alipozitaja, wasikilizaji wake waliwafikiria watoto wa mabalozi na wa watumishi wa mashirika makubwa, watu waliokuja leo wakaondoka kesho. Na kwa hakika ndivyo zilivyoanza. Shule ya Kimataifa ya Geneva, mojawapo ya zile za kwanza kabisa duniani, ilifunguliwa mwaka wa 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa Shirika la Kazi Duniani. Huku kwetu, Shule ya Kimataifa ya Tanganyika ilianzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1963, ya Moshi ikafuata mwaka wa 1969, na Shule ya Kimataifa ya Kenya ikafunguliwa Nairobi mwaka wa 1976. Aga Khan Academy ya Mombasa ilifungua milango yake mwaka wa 2003.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mzazi Mkenya mwenye uwezo, awe wakili, daktari au mfanyabiashara, naye humpeleka mwanawe katika shule inayofuata mtaala wa Uingereza au wa Bakaloria ya Kimataifa. Kijana aliyehitimu shahada ya ualimu katika vyuo vikuu vyetu naye hutafuta kazi huko. Kwa hivyo yatokeayo ndani ya kuta za shule hizo si mambo ya wageni tena. Ni mambo yetu.

Na yatokeayo humo si mepesi. Waweke pamoja mwalimu mkuu kutoka Uingereza au Kanada, naibu wake kutoka Afrika Kusini, walimu kutoka Kakamega, Kilifi na Mumbai, na wazazi Waswidi, Wakorea na Wasomali, kisha uwaambie waendeshe shule moja. Mgongano hauna budi kutokea. Watu huueleza mgongano huo kwa rangi, fedha au dini, na mara nyingine husema kweli. Lakini nionavyo mimi, kama mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza lugha, sehemu kubwa ya mgongano huo huzaliwa katika mambo madogo ya usemi: salamu, kimya, namna ya kuomba, namna ya kutoa pole. Mambo haya ni madogo mpaka pale mwenye mamlaka anapoyatolea hukumu. Hapo ndipo suala la uongozi linapoingia, kwani mwalimu mkuu ndiye anayeamua, hata pasi na kujua, ni desturi ya nani itakayohesabiwa kuwa adabu na ya nani itakayohesabiwa kuwa kasoro.

Kosa lisiloonekana

Noam Chomsky, mwanaisimu wa Marekani, alipoandika mwaka wa 1965 kuhusu umilisi, alikusudia ule ujuzi alionao mzawa wa lugha wa kuunda na kutambua sentensi sahihi. Dell Hymes, Mmarekani mwenzake, alijibu kwamba ujuzi huo peke yake hautoshi. Mtoto anayejua kuunda kila sentensi sahihi, lakini asijue lini aseme na lini anyamaze, amwambie nani nini, wapi na kwa namna gani, hajaijua lugha. Ujuzi huu mpana Hymes aliuita umilisi wa mawasiliano.

Shida ya ujuzi huu ni kwamba mwenye kuwa nao hajui kuwa anao. Mtu akikosea sarufi, tunasema huyu ni mgeni, bado anajifunza. Akikosea desturi ya usemi, hatusemi kwamba amekosea lugha. Tunasema ana kiburi, ni mvivu, ni mnafiki, hana adabu. Kosa la sarufi husamehewa, lakini kosa la desturi hugeuzwa kuwa tabia ya mtu, na baadaye tabia ya watu wake wote.

Mfano mashuhuri ulitolewa na John Gumperz katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1982. Katika mkahawa wa wafanyakazi wa kiwanja kimoja kikubwa cha ndege nchini Uingereza waliajiriwa wanawake kutoka India na Pakistani. Wasimamizi wao, pamoja na wapakiaji mizigo waliokula hapo, wakalalamika kwamba wanawake hao ni wakali na hawataki ushirikiano. Wanawake nao wakahisi kwamba wanabaguliwa. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba wahudumu hao hawakusemezana na wateja ila kwa maneno machache mno. Mhudumu Mwingereza akitaka kujua kama mtu anataka mchuzi, alilitamka neno hilo moja kwa kiimbo cha kupanda, nalo likasikika kama swali. Wanawake wale walilitamka neno lilo hilo kwa kiimbo cha kushuka. Katika masikio ya Mwingereza hilo halikuwa swali bali tangazo: huu ni mchuzi, ukiutaka chukua, huutaki acha. Ilhali kwa desturi yao wenyewe, kiimbo cha kushuka ndicho kilichokuwa cha kawaida katika kuuliza jambo kama hilo. Neno moja tu, sauti ikashuka badala ya kupanda, na mahali pa kazi pakaharibika.

Ikiwa neno moja la mchuzi laweza kuzua uhasama, itakuwaje katika shule ambamo watu huzungumza tangu asubuhi hadi jioni, tena juu ya watoto?

Kimya na maana zake

Tuanze na kimya. Mwalimu mkuu mgeni anaitisha mkutano wa walimu, anatoa pendekezo, kisha anasema, "Nipeni maoni yenu kwa uwazi." Walimu wenyeji wananyamaza. Mwalimu mkuu anaondoka akiamini mambo mawili: kwamba pendekezo limekubaliwa, na kwamba walimu wenyeji hawana mawazo. Yote mawili huenda si kweli. Katika jamii zetu nyingi mdogo hampingi mkubwa mbele ya kadamnasi. Humwendea pembeni, au humtuma mtu wa makamo ampelekee neno. Kimya cha mkutanoni huwa ni heshima, na pengine ndicho upinzani wenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo mwalimu mkuu atausikia baada ya majuma mawili, pendekezo lake litakapokwama bila ya mtu yeyote kulikataa. Hapo atasema wenyeji ni wanafiki, nao watasema mkubwa wao hasikii.

Mambo haya humpata mwanafunzi vilevile. Susan Philips aliwachunguza watoto Wahindi Wekundu wa Warm Springs, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, na mwaka wa 1983 akachapisha kitabu juu yao. Watoto hao walipotakiwa na mwalimu kujibu mmoja mmoja mbele ya darasa zima, walinyamaza au walisema kidogo sana. Walimu waliwaona wazito. Lakini walipofanya kazi katika makundi yao wenyewe, au walipomwendea mwalimu mmoja mmoja, walizungumza na kufanya kazi vyema. Kwao hapakuwa na desturi ya mtu mmoja kuamuru nani aseme na lini, wengine wote wakimtazama. Tatizo halikuwa katika akili za watoto. Lilikuwa katika mpangilio wa mazungumzo ambao shule iliudhania kuwa ndio pekee ulimwenguni.

Katika shule za kimataifa hutolewa alama au maelezo ya "ushiriki darasani". Mtoto aliyelelewa kungoja mpaka aulizwe huandikiwa kwamba hajiamini. Mwenzake aliyezoea kukatiza kauli za watu huandikiwa kwamba ana vipawa vya uongozi. Taarifa hizo huingia katika barua za mapendekezo zinazopelekwa vyuo vikuu. Kwa hivyo kimya kina bei, na bei hiyo hulipwa na mtoto.

Pole isiyo hatia

Tuje kwenye neno letu pole. Mtoto akianguka uwanjani, mwalimu Mkenya aliye karibu humwambia pole, hata kama yeye alikuwa hatua hamsini kutoka hapo. Pole si ungamo. Ni kushiriki uchungu wa mwenzio. Mwalimu huyo akizungumza Kiingereza, hutafuta neno linalokaribia pole, nalo ni lile ambalo Waingereza hulitumia pia kuomba radhi. Mzazi mgeni akilisikia, anaweza kujiuliza: kwa nini aombe radhi kama hana hatia? Je, alizembea kazi yake? Ikiwa mwalimu mkuu naye hajui maana ya pole, taarifa ya ajali itaandikwa kana kwamba mwalimu amekiri kosa. Hapa hatuzungumzii tena istiara za wanaisimu. Tunazungumzia kazi ya mtu na jina lake.

Kinyume chake hutokea pia. Mwingereza aliyelelewa vizuri hapendi kuamrisha waziwazi. Humwambia mwalimu wake, "Nilikuwa nikiwaza kama ingewezekana ripoti zikawa tayari Ijumaa." Mwalimu mwenyeji husikia mtu anayewaza, wala hasikii amri. Ijumaa inafika, ripoti haziko, na mwalimu anaitwa ofisini. Yeye kwa upande wake humwambia mzazi, "Niletee daftari lake kesho," akiamini kwamba kile kiambishi cha kutendea kimekwisha kuilainisha kauli: hakusema leta, amesema niletee. Kauli hiyo ikitafsiriwa kwa Kiingereza, ulaini wote humwagika njiani na kubaki amri tupu.

Majina nayo ni fumbo. Katika shule nyingi za namna hii walimu huitana kwa majina yao ya kwanza, na mkuu hutaka aitwe vivyo hivyo ili watu wajisikie sawa. Nia ni njema. Lakini mwalimu wa miaka hamsini aliyelelewa kuamini kwamba mwalimu ni cheo, tena cheo cha heshima, hushindwa kumwita mkuu wake kama anavyomwita mpwa wake. Basi haimwiti kwa jina lolote, na mkuu humwona mtu baridi. Mwanafunzi anayekaripiwa huinamisha macho kwa adabu, naye huamriwa, "Nitazame ninaposema nawe!" Akitazama, amemtii mwalimu na kumwasi mama yake. Asipotazama, ametiwa katika kundi la wakaidi. Heshima si utumwa, walisema wahenga, lakini heshima isiyotambulikana humletea mwenye nayo adhabu ya mtumwa.

Utamaduni usiwe kisingizio

Hata hivyo, sina budi kuonya juu ya kosa la upande wa pili. Wako viongozi ambao, wakishasoma kitabu kimoja juu ya tofauti za tamaduni, huona utamaduni katika kila kitu. Mholanzi Geert Hofstede alichapisha mwaka wa 1980 utafiti wake mkubwa juu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika mataifa mengi. Katika kipimo alichokiita umbali wa mamlaka, yaani kadiri watu wanavyokubali kwamba wakubwa na wadogo hawalingani, Uingereza ilipata 35, Marekani 40 na Afrika Mashariki 64. Takwimu hizi hurudiwa sana katika mafunzo ya viongozi wa shule. Ni vizuri kuzijua, lakini ni vizuri pia kujua kwamba hiyo "Afrika Mashariki" ilikuwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizotiwa katika kapu moja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Mombasa kisha Addis Ababa, au Dodoma kisha Kisumu, anajua kwamba kapu hilo limevuja. Kipimo cha taifa hakimpi kiongozi haki ya kumsoma mwalimu aliye mbele yake kama anavyosoma ramani.

Pili, yako mambo yanayoitwa tofauti za utamaduni ilhali ni dhuluma ya kawaida. Katika shule nyingi za kimataifa duniani kuna mikataba ya namna mbili. Aliyeajiriwa kutoka ng'ambo hulipiwa nyumba, nauli ya ndege na karo ya watoto wake. Aliyeajiriwa papo hapo nchini hapati hayo, hata kama wana shahada moja na wanafundisha vyumba viwili vinavyopakana. Yapo maelezo ya haki kwa baadhi ya tofauti hiyo, kwa maana aliyehama makwao ana gharama ambazo mwenyeji hana. Lakini mwalimu mwenyeji anaponung'unika, asiambiwe kwamba anahitaji semina ya kuelewa tamaduni. Haoni ugumu wowote wa kuelewa utamaduni. Anaelewa hesabu.

Tatu, sisi wenyeji nasi tusijifiche nyuma ya mila. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, na kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kuchapwa. Mwalimu anayemchapa mtoto kisha akamwambia mkuu mgeni kwamba hiyo ndiyo desturi yetu, anaitukana desturi anayodai kuitetea. Vivyo hivyo mzazi anayemkatisha binti masomo, au anayemdharau mwalimu kwa sababu ya kabila lake. Kiongozi mwema hupambanua: hili ni tofauti ya usemi, nitajifunza, hili ni dhuluma, nitaliondoa, hili ni uvunjaji wa sheria, nitalikomesha. Asiyeweza kuyapambanua haya matatu hafai kuongoza shule yenye mataifa mawili, seuze thelathini.

Lugha ya mwenyeji imekaa wapi?

Jambo linaloonyesha zaidi msimamo wa kiongozi ni sera yake ya lugha. Katika shule nyingi za kimataifa lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na sina ugomvi na hilo. Watoto wa mataifa thelathini wanahitaji lugha moja ya kukutania. Ugomvi wangu ni pale Kiingereza kinapofuata watoto hadi uwanjani, mezani na katika basi, na mwenye kunong'ona Kiswahili na rafiki yake akakemewa. Sisi tuliosoma historia ya elimu ya Kenya tunaijua adhabu hii. Vizazi vya watoto wetu walivishwa shingoni kipande cha ubao au mfupa kwa kosa la kusema lugha ya mama, na kikapitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ili kila mmoja ampeleleze mwenzake. Kipande hakionekani tena katika shule za karo ya juu, lakini mafunzo yake yamebaki: kwamba lugha yako ni uchafu unaofaa kuachwa langoni.

Msomaji ataniambia kwamba wazazi Wakenya wenyewe ndio wanaotaka hivyo. Ni kweli, na hapo mwalimu mkuu mgeni hapaswi kubebeshwa lawama yote. Mzazi huona Kiingereza kama tikiti ya safari, naye hajakosea. Lakini Katiba yetu, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi mwaka wa 2022. Mtoto Mkenya anayehitimu akiwa na miaka kumi na minane, asiweze kusikiliza kesi mahakamani, kumfariji mgonjwa wodini wala kuzungumza na nyanya yake bila mkalimani, hakuelimishwa kuwa mtu wa dunia. Amenyang'anywa sehemu ya dunia aliyozaliwa nayo.

Tazama shule za mfano zilivyofanya. Marie-Thérèse Maurette aliiongoza shule ya Geneva tangu mwaka wa 1929 hadi 1949, na mwaka wa 1948 akaiandikia UNESCO taarifa juu ya njia za kuwaelimisha vijana kwa ajili ya amani. Alishikilia kwamba jiografia ianze na dunia nzima kabla ya taifa lolote moja, na kwamba lugha mbili za shule, Kifaransa na Kiingereza, zijulikane na wanafunzi wote. Tuzingatie jambo moja hapa. Kifaransa ndicho lugha ya mji wa Geneva. Shule ile ya kimataifa iliiketisha lugha ya mwenyeji mezani tangu mwanzo, wala haikuiweka jikoni. Kwa nini linalowezekana Geneva lionekane muhali Nairobi?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka wa 1963 Mwingereza Michael Stern alifungua shule ya Waterford huko Swaziland, nchi ambayo tangu 2018 huitwa Eswatini, ili watoto wa rangi zote wasome pamoja. Ng'ambo ya mpaka, Afrika Kusini ilikuwa imewatenga watoto Weusi kwa Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953. Watoto wa Nelson Mandela, wa Desmond Tutu na wa Seretse Khama wa Botswana walisoma hapo. Mfalme Sobhuza wa Pili aliipa shule hiyo jina la Kamhlaba, lenye kubeba neno la Kiswati la ardhi au dunia, kwa maana kwamba wote ni wa ardhi moja pasi na kubaguana. Shule ikalikubali jina hilo, na hadi leo inaitwa Waterford Kamhlaba. Jina peke yake halifundishi mtu lugha. Lakini mgeni anayekubali kupewa jina na mwenyeji amekwisha kukiri kwamba hakuja kwenye uwanja mtupu.

La kufanya

Nipendekeze machache yanayowezekana, yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, halmashauri za shule ziandike katika mkataba wa mwalimu mkuu mgeni kwamba atajifunza Kiswahili, na apewe saa za kujifunza ndani ya ratiba yake. Mikataba mingi huwa ya miaka miwili au mitatu. Muda huo hautoshi kumfanya mtu malenga, lakini unatosha kumfanya asalimie, ashukuru, atoe pole na aelewe pole. Faida kubwa si maneno atakayoyajua. Faida ni kwamba mara moja kwa juma mkubwa huyo atakuwa mwanafunzi, akikosea mbele ya mwenyeji anayemsahihisha kwa upole. Hakuna semina inayoweza kufundisha hilo.

Pili, mikutano ipangwe kwa namna inayowapa wote nafasi. Ajenda itolewe siku kadhaa mapema. Walimu wazungumze kwanza katika makundi madogo, kisha msemaji wa kundi atoe maoni ya wote, bila ya kutaja nani alisema lipi. Mkuu asiulize "Mnakubali?" bali aulize "Ni ugumu gani mnaouona?" Swali la kwanza humlazimisha mdogo achague kati ya heshima na ukweli. La pili humruhusu awe navyo vyote viwili.

Tatu, naibu mwenyeji awe naibu kweli. Katika shule kadhaa mwenyeji hupewa cheo cha kushughulikia polisi, vibali na wazazi wenye hasira, ilhali masuala ya mtaala na ajira huamuliwa asipokuwepo. Mtu anayeitwa tu wakati wa moto si kiongozi, ni ndoo ya maji. Tathmini ya kazi ya mwalimu yeyote ipitiwe na watu wawili wa malezi tofauti kabla ya kutiwa sahihi, ili mmoja apate kumwambia mwenzake, "Hicho ulichokiita woga, sisi tunakiita adabu."

Nne, Kiswahili kifundishwe kwa wote, mwenyeji na mgeni, na mwalimu wake asiwe wa mwisho kupewa chumba na wa kwanza kunyang'anywa vipindi. Kwa upande wa lugha nyingine za nyumbani, mtaala wa Bakaloria ya Kimataifa una mlango ambao shule nyingi hazijaufungua vya kutosha: mwanafunzi aweza kusoma fasihi ya lugha yake hata pale shule isipokuwa na mwalimu wa lugha hiyo, mradi shule imsimamie. Ni juu ya uongozi kumwonyesha mtoto mlango huo.

Tano, na hili latuhusu sisi wa vyuo vikuu, walimu tunaowafunza wapewe somo la pragmatiki na isimujamii kama chombo cha kazi. Mwalimu kijana aende huko akiweza kumweleza mkuu wake, kwa utulivu na kwa ushahidi, kwa nini mtoto amenyamaza. Asiyejua kuieleza desturi yake huishia kuionea aibu au kuipigania kwa ngumi.

Walimu wa shule za serikali wasidhani kwamba haya hayawahusu. Kuanzia mwaka wa 2018 Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wakuu wengi nje ya kaunti zao, na ingawa sera hiyo ililegezwa baadaye, iliacha funzo. Mkuu aliyetoka bara akapelekwa pwani, au aliyetoka magharibi akapelekwa kaskazini, alikutana na salamu, kimya na adabu zisizo zake, tena katika nchi yake mwenyewe na kwa lugha aliyodhani anaijua. Shule ya kimataifa ni kioo kilichokuzwa tu. Sura iliyomo ni ya shule zetu zote.

Nanyi wanafunzi mnaosoma katika shule hizo, mnalo jukumu ambalo hakuna mkuu awezaye kuwafanyia. Nyinyi ndio mnaopita kati ya nyumba na shule kila siku, mkibadili salamu na macho na sauti mlangoni. Msiuone uwezo huo kuwa ni unafiki. Huo ndio ule umilisi alioutaja Hymes, nanyi mnao maradufu. Mwalimu akimfahamu vibaya mwenzenu, semeni. Mzazi akimfahamu vibaya mwalimu, elezeni.

Mgeni siku mbili, wasemavyo, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huutumia usemi huu kana kwamba ni wa kumfukuza mgeni. Sivyo. Mtu aliyepewa jembe ameonyeshwa shamba, na aliyeonyeshwa shamba ameambiwa kwamba anaaminika, kwamba mavuno ya hapa ni yake pia. Kumwacha mwalimu mkuu mgeni akae kwenye kiti cha wageni mpaka mkataba wake uishe, tukimnung'unikia jikoni, si ukarimu. Tumpe jembe. Naye akipewa, asiseme kwamba kwao hawalimi hivyo.